Dari Jeusi la Mwimbaji

Mkwe wangu anaitwa Madoa. Jina hilo alipewa na wapaka rangi wenzake, maana hajawahi kurudi nyumbani bila doa: leo sikioni, kesho kisiginoni. Mimi huwa nasema hata wajukuu zangu walizaliwa na madoa ya bluu, mkunga akawasugua kwa mafuta ya taa. Hilo usiliamini. Haya mengine uyaamini, ingawa wanaonijua watakuambia usijisumbue.

Kazi alifundishwa na mjomba wake. Alipoolewa na mwanangu, dereva wa malori ambaye nyumbani huja kama mgeni, alifika na sanduku moja la nguo na ngazi mbili. Wifi zake walicheka. Mimi nilimwambia aziegemeze jikoni kwangu, akae, hapa ni kwake. Siku hizo nilikuwa na jiko la nje, kibanda cha udongo mwekundu, nikipikia kuni. Tulilibomoa baadaye tulipopata gesi.

Madoa ana taratibu zake. Hafungui kopo la pili kabla hajapaka kiraka cha ukubwa wa kiganja nyuma ya mlango, akakitazama asubuhi, mchana na jioni. Na hasemi kamwe amepaka nyumba ya nani. Ukimuuliza anakujibu, "Mama, nyumba ya mtu ni kama tumbo lake. Nilichokikuta humo si cha kutembeza." Mimi ninayekufa nisipotembeza neno, nilikuwa namwona kama mgonjwa.

Mwaka huu alipata kazi ya miezi miwili mahali fulani. Alikuwa akirudi na ovaroli yenye madoa mekundu, rangi ya ini bichi, na mengine meusi. Niliifua mimi mwenyewe, kwa mikono hii, na kumlalamikia kwamba anamaliza sabuni. Shika hapo, kwa sababu aibu yangu inaanzia kwenye beseni lile.

Siku moja nilikuwa saluni. Nywele zangu zilizobaki zinajuana kwa majina, lakini msusi hunisuka kwa heshima zote. Kwenye televisheni, mwimbaji mmoja anayejulikana kila kona alikuwa akitembeza watu nyumbani kwake. Sebule ina kuta nyekundu kama ini, dari jeusi tii, na mstari mmoja wa njano kali kuzunguka dirisha. Saluni ikagawanyika. Msusi alisema akipewa chumba kile hatoki hadi azikwe. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa na kichwa ndani ya drai, alipaza sauti kwamba nyumba si jukwaa, na dari jeusi linamfanya mgeni aage kabla hajakaa. Muuguzi akasema mwenye macho yanayouma ayafumbe, kwani amealikwa?

Wote walikuwa na maoni. Mimi sikuwa nayo, nikaona nitapitwa. Nikaamua kuleta habari.

"Fundi wa pale namjua," nikasema. "Yale ni masalio. Kakusanya makopo saba aliyobakiza kwa watu, akayakoroga pamoja. Yalipopelea akakwangua masizi ya sufuria. Paka wa mle aliingia sebuleni mweupe pe, katoka hajui hata kulia nyau."

Walicheka hadi mwalimu akajigonga kwenye drai. Binti mmoja aliyekuwa akingoja zamu alikuwa ameinua simu yake. Nilimwona, na badala ya kunyamaza nikamsogelea ili sauti ishike vizuri, nikaongeza kwamba paka sasa anapelekwa kwa mwalimu wa kulia.

Baada ya wiki mbili Madoa alirudi saa nne asubuhi na ngazi zote mbili. Aliziegemeza ukutani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamuuliza kulikoni. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akanitajia nyumba. Ilikuwa ya yule mwimbaji, nami nilikuwa nimeifua rangi ile ile kwenye beseni bila kuitambua. Sebule ilikuwa ya majaribio tu, na ghorofa nzima ya juu ingefuata. Angeajiri wanawake wawili aliowafundisha mwenyewe, na jina lake lingeandikwa getini kama fundi wa nyumba ile. Sasa amesimamishwa. Kuna sauti ya bibi kizee inazunguka kwenye simu za watu, inasema alipaka masalio, na wasimamizi wa mwimbaji hawataki kuchekwa.

Aliyasema yote hayo akiangalia viatu vyake. Mimi nikasema, "Pole, mwanangu." Basi. Ulimi uliomsahaulisha paka kulia hapo ukashindwa kubeba neno "mimi". Nikaenda kumwandalia chai, nikatia sukari mara mbili.

Kesho yake nilijifunga kitambaa changu kizuri nikaenda kwa mwimbaji. Njiani nilishatunga namna ya kuingia: ningejiita shangazi wa babu yake. Sikuhitaji. Nilipomsalimia tu mlinzi, akashika tumbo. "Wewe si yule bibi wa paka?" Akafungua geti huku akicheka, akanitangulia kuita watu. Sauti yangu ilikuwa imefika kabla yangu.

Nikaingizwa sebuleni, nikainua macho. Wekundu ule haukuwa wa ini. Ulikuwa wa udongo. Weusi wa juu ulikuwa wa moshi wa kuni wa miaka thelathini, na mstari wa njano dirishani ulikuwa mwanga wa moto unavyopanda ukutani mtu akiinamia chungu. Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu. Hata njaa nilisikia.

Mwimbaji alikuja akiwa na kanga na uso usiopakwa kitu, msichana tu. Nikamwambia mimi ndiye mwenye sauti ile, kwamba hakuna masalio, na kwamba nilisema uongo ili nichekeshe watu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema fundi alimletea kipande cha udongo ndani ya kopo la maziwa, akamwambia kimetoka kwenye jiko la mama mkwe wake kabla halijabomolewa, mahali pa kwanza alipoambiwa kaa, hapa ni kwako.

"Mama mkwe huyo ni mimi," nikasema.

Msichana akanisogezea kiti. "Sebule siibadilishi," akasema. "Lakini juu wasimamizi walileta mafundi kumi jana, wamekesha wakipaka nyeupe, wamemaliza alfajiri. Maneno yako, bibi, yana mbio kuliko miguu yako."

Nilimkuta Madoa uani akiosha brashi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, bila chumvi, na kusema kweli nilikuwa sijui kuongea bila chumvi, nikawa nakwama kila mahali. Hakuacha kuosha.

"Nilijua, mama," akasema. "Sauti yako nitaacha kuijua? Niliisikia siku ile ile."

Wiki mbili. Wiki mbili alinichotea maji ya kuoga, akaniuliza magoti yanaendeleaje.

"Mbona hukunisema?"

"Nilikuwa nangoja useme." Akakung'uta brashi. "Sebule umeionaje?"

Nikamwambia dari lile bado linanitisha kidogo, lakini nilitaka kuvua viatu nichochee moto. Akatikisa kichwa, si kwa kucheka, si kwa kulia.

Jumamosi nikarudi saluni. Walikuwepo wote: msusi, mwalimu, muuguzi na binti mwenye simu. Nikasema fundi yule ni mkwe wangu, rangi ilikuwa mpya kopo kwa kopo, na sebule ile ya mwimbaji ni jiko langu la zamani, na aliyewadanganya ni mimi.

Msusi akaangusha kitana kwa kicheko. Mwalimu akajifuta machozi, akasema safari hii nimejipita mwenyewe, jiko langu kwa mwimbaji! Muuguzi akauliza na paka je, naye ni wangu?

Nikaapa. Wakacheka zaidi, maana kuapa ndiko ninakoanzia siku zote.

Binti akainua simu. "Rudia, bibi, mwanzo sikuushika."

Nikarudia. Kila neno la kweli, polepole, nikitazama kile kijicho cha simu, na wao wanajipiga mapaja.