Aafke na Safari Isiyo na Barua

Kwa miaka thelathini na sita Aafke Huizinga aliendesha baiskeli kila siku ya kazi, na hakuna hata siku moja aliyoendesha kwa raha. Alikuwa mpeleka barua wa vijiji vilivyo kaskazini ya Winsum, huko ambako mashamba ya viazi yanakwenda mpaka chini ya tuta la bahari na upepo hauombi ruhusa ya kupita. Alianza akiwa na miaka ishirini na minne. Mvua ilimnyeshea, theluji ikamwangusha, na mbwa mmoja wa kijiji cha Den Andel akamng'ata mara tatu, kila mara mguu uleule. Mbwa huyo alipokufa, Aafke alimpelekea mwenye mbwa kadi ya rambirambi, kisha akapita kwa mwoka mikate, akanunua keki, akaila peke yake njiani.

Siku aliyostaafu aliitundika baiskeli yake darini kwa kamba mbili, akamwambia mumewe, "Derk, nikiigusa hii kabla ya mwaka kuisha, unikate mkono."

Derk, mtu wa maneno machache, alisema, "Haya," akaiondoa ngazi.

Lakini kulikuwa na jambo moja la kazini ambalo Aafke hakuliacha. Huko Westernieland, nyumba ya mwisho kabla ya tuta, aliishi mzee aliyeitwa Sikko Bolhuis. Ujanani Sikko alikuwa mfanyakazi wa matuta: akikata nyasi, akiziba mashimo ya fuko, akiizuia bahari isiingie mashambani. Alipofika miaka hamsini na miwili ugonjwa ukamla macho, na tangu hapo Aafke ndiye aliyemsomea barua zake mlangoni, akiwa amesimama na mguu mmoja chini, baiskeli ikimwegemea nyongani. Baada ya kustaafu aliendelea kwenda kila Alhamisi kumsomea gazeti, sasa kwa gari, na kwa kuketi.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu alimsomea tangazo: Mzunguko wa Minara, Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita. Kilomita tisini, minara tisa ya makanisa ya vijijini, muhuri mmoja kila mnara. Si mashindano, hakuna wa kwanza wala wa mwisho, kila mtu na baiskeli aliyo nayo.

"Watu elfu nne," Aafke alisema akilikunja gazeti. "Elfu nne wanatoka jasho bila mshahara."

Sikko alikuwa anachovya biskuti kwenye kahawa. "Posta," alisema, maana hakuwahi kumwita jina jingine, "niulize kitu. Katika miaka yote hiyo, ulishawahi kuendesha kwenda mahali ambako huna barua ya kupeleka?"

Aafke alizipitia kichwani njia zake zote, kijiji baada ya kijiji.

"Hapana," alisema hatimaye.

"Basi kazi ya baiskeli unaijua, baiskeli yenyewe huijui." Akapangusa makombo kifuani. "Kwa mtu aliyekanyaga nusu ya umri wake, ni aibu hiyo. Tujiandikishe."

"Tujiandikishe nani na nani?"

"Mimi na wewe. Kuna baiskeli za watu wawili. Wewe utaona, mimi nitakanyaga."

Baiskeli ilipatikana kwenye banda la binamu yake Derk, ndefu, nzito, ya rangi ya kijani iliyobabuka, na popo alikuwa amelala chini ya kiti cha nyuma. Derk aliibadilishia mnyororo, akatia breki mpya, akaitazama kwa muda, kisha akasema neno lake la siku hiyo: "Itakwenda."

Aliyepinga ni Martje, binti yake Sikko, mwalimu, mwenye kupanga kila kitu katika kalenda ya rangi tatu.

"Dada Aafke, baba ana miaka sabini na minne!"

"Hatumwambii akimbie, Martje. Tunamwambia akae."

"Hajapanda baiskeli miaka ishirini na miwili."

"Ndiyo maana miguu yake bado mipya," Sikko alidakia kutoka jikoni.

Siku ya kwanza ya mazoezi walikwenda mita arubaini, wakaanguka mbele ya duka la mikate, foleni yote ikishuhudia. Siku ya pili walifika kanisani. Kufikia mwezi wa tano walikuwa wanamaliza kilomita thelathini, na Aafke alikuwa ameshaigundua tabia ya mwenzake. Katika baiskeli ile pedali za mbele na za nyuma zinazunguka pamoja, kwa hiyo mvivu anaweza kuweka miguu tu ikachukuliwa.

"Sikko, unakanyaga?"

"Nakanyaga kwa moyo wangu wote."

"Jaribu na miguu."

Jumamosi yenyewe ilipambazuka na jua, na upepo mkali kutoka kaskazini magharibi. Pale Winsum uwanja ulikuwa umejaa: watoto wa shule na mabango, vijana wa tarumbeta, wanaume wenye nguo za kubana na baiskeli nyembamba, akina mama wenye vikapu vya sandwichi, na bwana mmoja aliyembeba kasuku. Martje alimfunga baba yake helmeti, akaivuta kamba, akaivuta tena. "Kaa nyuma," alimwambia. "Kaa nyuma, tulia, kunywa maji."

"Ndiyo, mwalimu," alisema Sikko.

Wakaondoka. Kilomita za kwanza zilipita katikati ya mkondo wa watu na kengele na vicheko. Wanaume watano wa nguo za kubana waliwapita kwa kishindo, na mmoja akapaza sauti, "Jamani, yule wa nyuma amelala!"

"Silali!" Sikko alijibu. "Nawahesabu mnaokimbia, niwapokee mkirudi mmechoka!"

Wenzake walimcheka huyo kijana mpaka kona.

Taabu ilianza walipoingia vijiji vya Aafke mwenyewe. Mwili wake ulikuwa haujaambiwa kwamba umestaafu. Kila lango likikaribia, mguu ulilegea, mkono wa kulia ukashuka pembeni kutafuta mkoba. Baiskeli ikawa inapunguza mwendo na kuongeza, inapunguza na kuongeza, kama inayosinzia.

"Huna barua, Posta!" Sikko alipiga kelele. "Pita!"

Na watu walikuwa wametoa viti mbele ya nyumba, wanakunywa kahawa na kutazama. "Moi, Aafke!" walimwamkia kwa salamu yao ya huko. "Barua yangu ya kodi iko wapi?"

"Nimeichoma moto!"

"Mungu akubariki!"

Kwenye shamba moja la Eenrum walisimamishwa kwa nguvu wakapewa mkate wa zabibu kavu uliopakwa siagi unene wa kidole. Shamba lililofuata walipewa supu ya haradali. Lililofuata tena, mjane aliyekuwa akipokea kadi kutoka kwa dada yake wa Kanada alimkumbatia Aafke, kisha akamtia Sikko mayai mawili ya kuchemsha mfukoni. Walipopata muhuri wa mnara wa nne, watu wengi walikuwa wameshafika wa sita.

"Tumechelewa," alisema Aafke.

"Tumechelewa wapi?" aliuliza Sikko, na Aafke akapanda tena baiskeli.

Baada ya mnara wa nne njia iliingia nyuma ya tuta la bahari, ikanyooka kuelekea mashariki kilomita tatu bila kona. Kushoto ukuta wa nyasi, kulia mtaro na ngano changa, juu anga tupu. Hapakuwa na mtu mbele yao, na nyuma walikuja wachache kwa mbali. Upepo sasa ulikuwa unawasukuma.

"Simama kidogo," alisema Sikko.

Alishuka, akavuta pumzi ndefu. Alinusa nyasi, chumvi, na tope la bahari iliyokupwa ng'ambo ya tuta.

"Posta. Nataka kukaa mbele."

"Hapana."

"Tuta hili nimelikata nyasi miaka ishirini na tisa. Barabara hii imenyooka, naijua kuliko ngazi za nyumba yangu. Upepo ukinipiga nyuma ya sikio la kushoto, niko sawa. Ukinipiga kisogoni, nimepinda. Na wewe uko nyuma, una macho na una mdomo, tena mdomo mkubwa."

"Martje ataniua."

"Martje ataniua mimi kwanza. Wewe utapata muda wa kukimbia."

Aafke alitazama mbele, akatazama nyuma. Angesema hapana tena, lakini akamwona yule mzee amesimama mkono mmoja juu ya usukani, kidole gumba kikiisugua kengele taratibu, na hakuwa anatania hata kidogo.

"Mpaka kwenye lango la kondoo la kwanza," alisema. "Nikisema breki, ni breki."

Mwanzo waliyumba vibaya. Aafke aliukaza mikononi usukani wa nyuma, ambao haugeuki wala hauna breki. Kisha mabega ya Sikko yakashuka, kichwa kikainama kidogo upande wa kushoto, kusikiliza, na baiskeli ikanyooka. Ikaongeza mwendo. Sasa ndiyo Aafke alijua kwamba mzee huyu ana miguu, na kwamba tangu asubuhi alikuwa akiificha.

"Kulia kidogo. Basi. Hapohapo. Sikko, polepole!"

"Sikusikii, upepo!"

Na hapo kitu kikamlegea Aafke kifuani. Miaka yote hiyo alikuwa ameitazama barabara: shimo, barafu, namba ya nyumba, mbwa. Sasa barabara haikuwa yake. Akainua uso. Kulikuwa na ndege wadogo juu ya ngano, wengi, wakiimba kwa fujo, na akajiuliza kama siku zote walikuwapo. Akasikia mtu anacheka kwa sauti kubwa, kicheko cha msichana, akachelewa kutambua kwamba ni yeye.

Alipoangalia tena mbele, lango la kondoo lilikuwa limeshapita. Lilikuwa wazi.

"Sikko! Kondoo!"

"Wangapi?"

"Wengi! Wamelala barabarani! Breki!"

Sikko alipiga kengele badala ya breki, halafu breki. Kondoo waliinuka, wakaachana kushoto na kulia, isipokuwa jike mmoja mnene, aliyebaki katikati akitafuna na kuwatazama. "Kushoto!" Aafke alipiga ukelele, na Sikko akageuza. Wakapanda ubavu wa tuta, mwendo ukapungua, ukapungua, ukaisha. Baiskeli ikafikiri kidogo, kisha ikalala nao ubavuni kwenye nyasi, juu ya samadi mbichi ya kondoo.

"U mzima?" Aafke aliuliza.

Sikko alikuwa chali, helmeti imemfunika pua, anatetemeka mwili mzima. Aafke akaingiwa na hofu, akamwondolea helmeti. Alikuwa anacheka hadi sauti imekatika.

Wale waliokuwa nyuma wakafika: mume na mke wenye fulana zinazofanana, na mmoja wa wale vijana wa nguo za kubana, aliyekuwa amechelewa kwa pancha. Wakatupa baiskeli zao chini, wakaja mbio.

"Mzee, pole sana," alisema kijana. "Lakini kondoo mkubwa vile hukumwona?"

"Sikumwona," alisema Sikko, akijipangusa machozi. "Mimi kipofu."

Mume akamtazama mke. Kijana akaitazama baiskeli, akatazama kiti cha mbele, akamtazama Aafke.

"Na wewe, mama?" aliuliza polepole.

"Mimi naona vizuri," alisema Aafke. "Ndiyo maana nimepiga kelele."

Yule mama wa fulana ndiye aliyeanza kucheka, na alipoanza hakuna aliyebaki. Kijana akaketi ukingoni mwa mtaro. Kisha akasimama, akaunyoosha usukani uliopinda kwa kulibana gurudumu la mbele katikati ya magoti, akawasindikiza mpaka mnara wa tano, Aafke akiwa mbele. Mayai ya mfukoni yalikuwa yamepondeka. Waliyala hivyohivyo, na maganda.

Walifika Winsum saa moja jioni, jua bado liko juu, maana huko mwezi wa sita usiku huchelewa kuingia. Wapiga tarumbeta walikuwa wanakunja viti. Walipoiona baiskeli ya kijani, mmoja akachukua ngoma, wengine wakasimama walipo wakapiga. Martje alikuwa hapo pamoja na Derk, mikono kifuani. Habari za kondoo zilikuwa zimemfikia saa tatu kabla ya baba yake.

Alimtazama kuanzia kichwani: nyasi, samadi, kidevu kilichochubuka, na uso ule ambao yeye Martje alikuwa hajauona tangu akiwa msichana. Alikuwa ameandaa maneno mengi. Akatoa kitambaa, akampangusa kidevu.

"Ulikaa mbele, baba?"

"Kilomita mbili na nusu."

"Na nusu iliyobaki?"

"Kondoo hakukubali."

Martje akauma mdomo, akashindwa, akamwegemea baba yake begani akicheka na kulia kwa pamoja. Derk alikwenda kwenye kibanda akarudi na mayai ya kukaanga ya mtindo wa huko, yai zima lililovikwa mchuzi mzito na chenga za mkate, manne, moto kiasi cha kuchoma ulimi. Akampa mkewe la kwanza.

"Je?" aliuliza.

"Derk," alisema Aafke na mdomo umejaa, "kesho irudishe ngazi. Naishusha baiskeli yangu."

Derk akatafuna, akameza. "Niliirudisha asubuhi."

Kesho yake Aafke aliamka mapaja yakiwa magumu kama magogo, akashuka ngazi za nyumba kinyumenyume, akijishikilia na kujicheka kila kidato. Akaenda Westernieland kumjulia hali mzee. Alimkuta amekaa bustanini na majirani sita, kidevu kina plasta, mikono juu. Alikuwa anawasimulia, na kondoo walikuwa wameshafika mia mbili.