Kilima Nilichokifunga Mimi

Watu wa Bibokoboko wakishuka kwetu Baraka mwezi wa saba, wanatucheka. Wao wametoka juu kwenye malisho, kwenye baridi yenyewe, halafu wanatukuta tumevaa sweta na kujifunika vitenge mpaka masikioni kwa ajili ya upepo wa asubuhi. "Baridi gani hii?" wanauliza. Wacheke tu. Kwetu hiyo ndiyo baridi, na katika utoto wangu wote nilikuwa naisubiri kwa hamu, maana baridi ikifika, nyasi za kilima zinakauka, na nyasi zikikauka tunaanza kuteremka.

Kilima chenyewe kiko nyuma ya karteri yetu, mtaa wetu, mwisho wa mji, pale nyumba zinapoishia. Kiangazi nyasi zake zinalala chini, zinateleza kama zimepakwa mawese. Unakata kuti la mchikichi, unakalia upande wa majani, unashika bua kwa mbele, unajiachia. Ni hivyo tu. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza baada ya proklamasyo, yaani siku ya kusomewa matokeo ya masomo, karteri nzima ilipanda. Wakatoliki walitoka misa, Waprotestanti walitoka kwenye ibada zao zisizojua kuisha, wote wakakutana kule juu. Mtoto aliyefaulu aliteremka kwanza. Aliyeanguka mtihani aliteremka baadaye, lakini aliteremka, na akifika chini alikuwa amesahau kulia. Hata bamama walijifunga vitenge katikati ya miguu wakateremka, wakipiga kelele mpaka wavuvi ziwani wakasikia.

Mimi na yaya tulitumia kuti moja. Yaya ni dada yangu mkubwa. Kwetu mkubwa wako unamwita hivyo. Mimi nilikaa mbele, yeye nyuma, mikono yake imenizunguka kiunoni. Kila mara nilifunga macho kwa woga, na kila mara alinipigia kelele sikioni: "Fungua macho, mudogo! Angalia ziwa!" Sikufungua hata siku moja. Nimeteremka kilima kile miaka na miaka, na ziwa sijawahi kuliona kutoka pale.

Basi tukakua. Yaya akawa muuza ndagaa sokoni, mcheshi, mwenye maneno, kila mtu anamjua. Mimi nikawa mwalimu, na ualimu una ubaya wake: ukishika chaki miaka mingi unadhani dunia nzima ni darasa lako. Hasira zangu watu wanazijua. Wanafunzi waliniita Madamu Pilipili, na walidhani sisikii.

Halafu udongo ukaanza kushuka. Nyumba zilikuwa zimepanda kilima, miti ilikuwa imekwisha kwa kuni na makaa, na kila mvua kubwa iliporomosha matope mpaka uani kwetu. Mwaka mmoja, mchana, ukuta wa jiko la mama ulianguka na vyungu vyake vyote. Mama alikuwa sokoni, Mungu mkubwa. Aliporudi alisimama akaangalia pale alipokuwa akikaa kila siku kupika. Toka siku ile mvua ikinguruma mama alihamia kwenye kiti karibu na mlango, mkoba wake mapajani, tayari kukimbia. Mwanamke mzima, nyumbani kwake mwenyewe! Niliona uchungu sana, na uchungu wangu siku zote unatoka kama hasira.

Tukaunda komite ya kutunza kilima, nikawa sekretere. Nilipanda Fizi mara tatu kwenye bureau ya serikali, mwisho wakatupatia mbegu za miti. Lakini aliyetuokoa kweli ni mama mmoja Mrundi, aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda akapanga chumba karibu na sisi. Alituangalia tunapanda miche ovyo ovyo, akashindwa kuvumilia. "Bamama, kwetu sisi tunaishi juu ya vilima," alisema. "Maji hayakatazwi kwa miti peke yake. Munayawekea majani njiani, mustari kwa mustari, yachoke." Akatuonyesha jinsi ya kupanda majani ya ng'ombe kwa mistari inayokata mteremko, na mifereji midogo juu ya kila mstari, na miche katikati.

Tatizo likabaki moja: kuteremka. Makuti yaling'oa nyasi, yakasaga miche. Mwaka wa kwanza Jumapili ya proklamasyo peke yake ilituulia theluthi ya miti yetu. Nikawaka. Kwenye mkutano nilisimama nikasema kilima kifungwe, kwa wote, na atakayekutwa anateremka abebe bidoni kumi za maji mpaka juu kumwagilia miche. Watu walinung'unika. Yaya alisimama nyuma, na mzani wake wa ndagaa mkononi, akasema, "Mutuachie hata njia moja tu. Ile ya zamani. Batoto ba masikini bataenda kucheza wapi, kwa hoteli?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimjibu mbele ya wote: "Yaya, tukikuachia wewe, kesho tutamukataza nani?" Komite ikapiga makofi. Ikapita.

Nitasema ukweli: ilifanya kazi. Mwaka wa pili mistari ya majani ilishikana. Mwaka wa tatu miche ilinifika kiunoni. Nilipita pale kila jioni nikitoka masomoni, nikiwa nimeshika fimbo, na mtoto aliyeniona alikimbia. Nilijivuna, jamani. Nilijivuna vibaya.

Ni mwaka ule wa tatu yaya alipoanza kuumwa. Tumbo lilivimba, miguu ikakonda, macho yakawa ya manjano. Ini, walisema hospitali, wakatupatia dawa za kupunguza maji, wakaturudisha nyumbani kwa sauti ile ya upole ambayo wewe mwenyewe unaielewa. Tukamweka kwa mama. Sokoni meza yake ilikaa tupu, wanawake wenzake wakamletea ndagaa ambao hakuweza kuwala.

Jumapili ya proklamasyo ilifika. Kilima kilikuwa kimya, upepo tu. Nilimkuta yaya amekaa kwenye mkeka uani, anaangalia juu, na pembeni yake kuti bichi la mchikichi. Sijui alimtuma nani kumkatia.

"Mudogo," akasema, "unipeleke kule."

"Wapi?"

"Usijifanye. Mara moja tu. Vijana batanibeba mpaka juu. Safari hii mi nitakaa mbele, weye nyuma, unishike vizuri maana niko mwepesi. Ndege mutupu." Akacheka, akakohoa. "Nataka nione ziwa likinijia."

Mama alikuwa mlangoni. "Mupeleke mukubwa wako," alisema, taratibu tu.

Na mimi nikasema hapana. Nilisema sheria ni ya wote. Nilisema watu wataniona, kesho karteri nzima itateremka, miti itakufa, jiko la mama litaanguka tena. Nilisema mengi. Ningeweza leo kusema niliogopa ugonjwa wake, kwamba mteremko ungemwumiza. Uongo. Hilo halikunijia kichwani kabisa. Niliogopa watu waseme sekretere amevunja sheria yake mwenyewe kwa ajili ya ndugu yake. Niliogopa kuchekwa, basi.

Yaya aliniangalia. Hakukasirika, angekasirika ningejua la kujibu. "Haya, Madamu," akasema. "Hata Mungu siku moja atakuomba ruhusa." Akavuta kuti lile, akalisogezea mama. "Lichome kwa jiko, maharage yaive." Na mama akalichoma, bichi vile, likajaza moshi uani mpaka macho yakatutoka machozi wote watatu, na kila mmoja akasingizia moshi.

Alikufa mvua za kwanza, mwezi wa kumi. Siku za matanga mvua ilinyesha kama imetumwa. Watu walijaa uani kwa mama, kwenye turubai, kwenye mikeka, wengine kutoka Fizi na vijiji vya njiani. Nilikaa nimeinamisha kichwa, nasubiri matope. Hayakuja. Maji yalishuka meupe, machache, yakapita pembeni kwenye mfereji wetu, yakaenda zake ziwani. Mikeka ilibaki mikavu. Wazee wa karteri walikuja mmoja mmoja kunipa pole, na kila mmoja akaongeza: "Lakini umefanya kazi, Madamu. Angalia, uani pakavu." Nilitamani kuwapigia kelele. Mama peke yake hakusema pole wala hongera. Alikuwa amekaa katikati ya wenzake, si kwenye kile kiti cha mlangoni, na mkoba hakuwa nao. Nilimwona, nikalia mpaka nikashikiliwa.

Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini wangu hakungoja kuzaliwa. Alikuwa amekaa na mimi pale kwenye mkeka.

Sasa, kilima kimekuwa kijani chote isipokuwa mstari mmoja. Kutoka juu mpaka chini, upana wa watu wawili, mti haushiki. Tulipanda mara tatu, ikafa mara tatu. Ni njia ya zamani, ile yaya aliyoiomba mkutanoni. Mama Mrundi alipiga magoti akaigonga kwa kidole. "Hapa pameshindiliwa," alisema. "Bababu benu na bamama benu bamekalia hapa miaka yote. Mizizi haiingii. Lazima jembe."

Kiangazi kilichopita komite ikakutana pale pale kilimani kuamua. Raisi wa komite akasema tulime mstari wote, tuchimbe mashimo marefu, tuweke samadi. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi, mimi Madamu Pilipili. Nikasema tuuache. Mstari mmoja tu, nikasema. Majani ya pembeni yameshashika, hautaleta udongo mwingi. Watoto wateremke siku moja kwa mwaka, Jumapili ya proklamasyo, sisi tuwasimamie. Niliongea kama ninaomba chakula.

Walisikiliza kwa heshima. Halafu raisi, mtu mzuri, hana ubaya hata kidogo, akatabasamu akasema, "Madamu, weye mwenyewe ulitufundisha. Tukikuachia wewe, kesho tutamukataza nani?" Wakapiga makofi, wakanicheka kwa upendo, kama unavyomcheka mtu uliyemshika kwa neno lake. Hakuna aliyekumbuka niliyemwambia neno hilo. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Wakanipa jembe nifungue shimo la kwanza, kwa heshima. Sekretere aanze. Nikaanza juu kabisa, pale tulipokuwa tukikalia kuti. Udongo ulikuwa mgumu, jembe lilirudi mikononi, likanikwaruza viganja. Nililima nikilia na hakuna aliyeona, jasho lilisaidia. Shimo lilipofika kina cha mkono nilikaa chini, miguu nimeipanua huku na huku ya shimo, mgongo kwa mlima.

"Umechoka?" Mama Mrundi akauliza.

"Nimechoka."

Akanipa mche. Nikauweka kwenye shimo mbele yangu, nikaushika kwa mikono miwili usilale, yeye akajaza udongo. Nilikuwa nimefunga macho. Nikayafungua. Ziwa lilikuwa pale lote, kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule, linang'aa.

Mche ule umeshika.