Presha Iliyonipata Osiri

Nilikuwa nikiuza chai na mandazi Osiri, karibu na shimo ambamo mume wangu alishuka kila asubuhi kutafuta dhahabu. Siku moja shimo la jirani liliporomoka. Nilisikia mayowe, nikakimbia na mwiko mkononi. Mume wangu alivutwa juu kwa kamba, akitema vumbi, mzima.

"Usilie, mama watoto. Si unaniona?"

Nilimwona, lakini mwili ulikataa kuamini. Tangu hapo, mtu akiangusha sufuria, moyo ulinipiga hadi masikioni. Usiku sikulala. Kisogo kilipoanza kuuma nilimkumbuka mama yangu, aliyeanguka kwa presha sokoni Rodi Kopany akiuza dagaa wa omena. Upande mmoja ulipooza, na hakusema tena hadi tulipomzika.

Dada yangu, anayeishi hukohuko Rodi, alinipeleka zahanati. Nesi aliponifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi nilijivuta nyuma. Akasoma mashine, akaniambia presha imepanda.

"Mama, unaogopa nini?"

Nikamweleza yote. Akaniacha nikae, miguu chini, nivute pumzi na kuitoa polepole. Akapima tena. Ilikuwa imeshuka, ingawa haikuwa nzuri bado.

"Ukishtuka, neva zinauambia moyo uende mbio na mishipa ya damu ijikaze," akasema. "Hatari ikipita, zinatakiwa zitulie. Zako hazipumziki."

"Nitaanguka kama mama?"

"Hujafika pa kumeza dawa. Punguza chumvi, tembea, lala mapema, pumua hivi kila siku. Halafu urudi nikupime. Ikikataa kushuka, tutaanza dawa, na utameza."

Kuhama Osiri hakukutaja. Hilo niliamua mwenyewe. Nilimwomba mume wangu tuondoke pamoja, akauliza tutakula nini. Basi yeye akabaki, mimi nikahamia kwa dada na watoto wetu na jiko langu. Sasa natembea hadi sokoni asubuhi, na mboga napika bila kuzimwagia chumvi. Kila nikienda kupimwa naogopa ile mashine, lakini presha imeshuka.

Hofu ndiyo haijaisha. Jana simu ya mume wangu ilichelewa, nikakaa kitandani nikihesabu pumzi. Alipopiga, sauti yake ilikuwa ya uchovu.

"Mlikuwa wapi?" nikauliza.

"Chini. Tumechimba ndani zaidi leo."

Nikaweka miguu chini, nikaanza tena kuhesabu pumzi.