Mke Mwenza wa Mshonaji

Kazini walimwita Manjano, na jina lilimkaa, maana kila utando wa plastiki aliotengeneza ulitoka na rangi hiyo. Plastiki yenyewe, poliimidi, ina kichwa kigumu: haijali moto, haiyeyuki kwenye dawa za maabara. Manjano aliitaka iwe angavu, isiyo na rangi hata chembe, na ikubali kuyeyuka ili imiminwe kirahisi. Alisema minyororo yake ya molekuli imebanana mno, kwa hiyo ataipachika vikundi vinene vya atomi ipeane nafasi. Wenzake walicheka mpaka wakachoka.

Mkewe, mshonaji, aliuita utando huo mke mwenza.

"Mwenzangu hajambo?" humuuliza mezani.

"Bado ana manjano," mumewe hujibu, nao hucheka. Lakini roho ilimuuma mke. Hata mtoto wao alizaliwa baba yuko maabara.

Ndipo moyo ukamsimama Manjano ghafla, akiwa kazini. Matanga yalipokwisha, mshonaji alikwenda kuchukua koti lake jeupe na miwani. Rafiki wa marehemu, waliyefanya naye kazi meza moja, alimvutia kiti.

"Shemeji, kuna kitu ukione." Kwa kibano akainua utando mdogo kama kiganja.

Mshonaji aliutandaza juu ya koti jeupe, akautafuta umanjano kwa jicho la mtu aliyezoea kulinganisha nyuzi. Hakuuona. Ilimbidi aupapase utando ajue upo.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye. Alimpata wiki ileile aliyotuacha."

"Mzuri," alisema.

"Limebaki jambo moja, shemeji. Hatujui kama unayeyuka. Kipande ni hiki tu, na kipimo kinakitaka chote. Lakini ukitaka kwenda nao nyumbani, chukua. Sisi tutatengeneza mwingine."

"Huo mwingine utakuwa kazi ya nani?"

Rafiki aliinamisha kichwa. "Utakuwa wetu."

Mshonaji aliuweka mapajani. Alitamani kuuficha kwenye mkoba akimbie, kwa kuwa hakuna kingine mumewe alichomwachia kilichotoka mikononi mwake. Mwishowe aliukunja taratibu, akautumbukiza mwenyewe kwenye chupa ya dawa ya kuyeyushia. Rafiki akawasha mashine ya kukoroga. Utando ulilegea, ukasinyaa pembeni, kisha ukawa hauonekani. Dawa ilibaki safi, haina hata punje.

"Wote umeyeyuka," rafiki alisema.

"Kwa hiyo amefaulu?"

"Amefaulu, shemeji."

"Basi andika jina lake."

Alitoka getini na koti mkononi. Furaha ikampanda ghafla, furaha ya kweli kabisa, akachomoa simu mkobani ampe mumewe habari. Alikuwa ameshaiweka sikioni ndipo akakumbuka. Akaketi ukingoni mwa barabara, akalia mbele za watu, wala hakuufunika uso.