Siku Niliyokalia Kiti cha Mkufunzi

Niliaibika, tena ukumbini, mbele ya chuo kizima, kipaza sauti kikiwa kimewashwa. Nalisema hilo mwanzo kabisa kwa sababu waliokuwepo wanalisimulia kwa kutia chumvi, wengine wanasema nililia, wengine wanasema nilitoka mbio. Sikulia, na mbio nazo, kwa magoti haya, ningezitoa wapi? Bora mlisikie kwangu mimi mwenyewe.

Naitwa Zuhura, mwalimu wa shule ya msingi huko Kiwangwa, mume wangu analima mananasi, watoto tunao, na nimefundisha miaka mingi kwa cheti changu kile kile mpaka mwalimu mkuu wetu akaniambia, kwa utani lakini si utani, kwamba nisipokwenda kusoma stashahada watoto niliowafundisha kushika penseli watakuja kuwa wakubwa wangu wa kazi. Nikaomba ruhusa, nikapata nafasi katika chuo kimoja cha ualimu hapa Bagamoyo, nikapanga chumba mtaani Dunda, nikaanza uanafunzi upya na mvi zangu chini ya mtandio. Wenzangu wapya karibu wote walikuwa watoto wa juzi juzi, wametoka sekondari, wanatembea na simu mkononi kama vile imeota pale.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kutupokea. Tuligawanywa makundi, kila kundi na mshauri wake, yaani mkufunzi wa kutueleza masomo ya kuchagua, mabweni, vilabu, na mambo yote ambayo mgeni hayajui. Kundi letu lilikuwa la nne, na tulipangiwa darasa la mwisho kabisa, karibu na bustani.

Nilifika mapema (mtu aliyezoea kuwasubiri watoto getini na saa mkononi hawezi kuchelewa hata akitaka) nikakuta darasa tupu, madawati yamejaa vumbi, nami nimevaa baibui jeusi nililolipiga pasi jana yake. Kiti pekee kilichofutwa kilikuwa cha mbele, nyuma ya meza. Nikakaa. Kosa langu lilianzia hapo, kukaa tu, nikijiambia mwenye kiti akija nitanyanyuka.

Basi wakaingia wasichana watatu, wakaniamkia, "Shikamoo mwalimu," nami nikaitikia marahaba, karibuni, kaeni. Sasa jamani, mimi nimeitwa mwalimu sokoni, msikitini, hospitalini, mpaka mama mkwe ananiita mwalimu, ningeshtuka kwa lipi? Wakaingia wengine, nao wakaamkia, nao nikawakaribisha, na walioniuliza jina nikawatajia, Zuhura, na nilipoona wanajazana nyuma nikawaambia wasogee mbele, wakasogea. Hapo ningeshtuka, sikushtuka.

Kijana mmoja akauliza bwalo liko wapi, nikamwelekeza kwa kuwa nilikuwa nimelipita nikija. Mwingine akauliza kama somo la hisabati ni gumu, nikamweleza, maana nalifundisha. Halafu binti mmoja mwembamba, mwenyeji wa Ubena, jina lake Mwanahawa, akanyoosha mkono akauliza mazoezi ya kufundisha yanafanyika lini na wapi. Nikajibu bila kuwaza kwamba ni muhula wa pili, na kila mtu huenda shule ya karibu na kwao. Na kweli ndivyo ilivyokuwa, enzi zangu, kwenye chuo kingine, kwa watu wa cheti. Wote wakainama wakaandika.

Kuandika kule ndiko kulikonifungua macho. Nikajua wananidhania mshauri wao. Nikataka kusema, wallahi nilitaka, nikafungua kinywa, na wakati huo huo akaingia kijana amevaa fulana na suruali ya jinzi, begi mgongoni, akasimama mlangoni ananitazama. Nikaona watu wamekosa pa kukaa, nikamwambia, "Mwanangu, usisimame hapo mlangoni, hebu nenda darasa la pili utuletee viti." Akasema sawa mama, akaweka begi chini, akaenda, akarudi na viti mabegani, akaenda tena. Alipomaliza akakaa nyuma kimya.

Baada ya hapo kusema ukweli kukawa kugumu zaidi, maana ningeanzia wapi, nimeshatuma watu viti. Nikajipa moyo kwamba mshauri hatokei leo na hakuna aliyeumia. Akauliza mmoja kuhusu vilabu, kama ni lazima kujiunga, nikawaambia (hapa ndipo aibu inaponikaa mpaka leo) vilabu achaneni navyo, hamkuletwa hapa kuimba na kuigiza, wazazi wenu wamewaleta msome. Wakaitikia kwa pamoja, ndiyo mwalimu. Kengele ikagonga. Yule wa viti akanisogelea taratibu mlangoni, anataka kusema neno, nikamwomba asubiri kidogo nimalizane na Mwanahawa, ambaye alikuwa anauliza tena mambo ya muhula wa pili. Nilipogeuka kijana keshaondoka.

Mchana tukaitwa ukumbini. Mlangoni walikuwepo wanachuo wa mwaka wa pili wanapanga watu, na mmoja aliponiona na baibui langu na mkoba, akaniinamia kwa adabu na kunipeleka moja kwa moja safu ya mbele, walipokaa wakufunzi. Nikamwambia mimi nitakaa nyuma, akasema hapana mwalimu, nafasi yako ipo. Nikawekwa karibu na matroni wa mabweni, nikapewa na chupa ya maji. Nikayashika yale maji kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake.

Mkuu wa chuo, mama mmoja mrefu anayesema polepole, akawakaribisha viongozi wa vilabu waeleze waliyoyaona asubuhi. Akasimama mwenyekiti wa klabu ya maigizo, akalalamika kwamba makundi yote yamejiandikisha vizuri isipokuwa kundi la nne, wamepita mbele ya meza zote za vilabu wakisema mshauri wao amewakataza. Wa mpira wa pete naye akasema hivyo hivyo. Mkuu akauliza mshauri wa kundi la nne ni nani, asimame.

Akasimama yule kijana wa viti.

Kundi langu wakaanza kunong'ona, kisha mmoja wao, kwa nia njema kabisa, akasema kwa sauti kwamba siye huyo. Mkuu akauliza ni nani basi. Wakanyoosha vidole wote, safu ya mbele.

"Yule pale, Mwalimu Zuhura."

Nikasimama. Kipaza sauti kikaletwa mpaka mdomoni kwangu. Mkuu akanitazama vizuri, akaniuliza mimi ni mkufunzi wa somo gani.

"Mimi ni mwanachuo mpya, mama."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja kama mvua inavyokuja juu ya mabati, mpaka matroni pale pembeni akajifunika uso na mtandio. Mkuu hakucheka. Alingoja kikatulia, akasema, "Basi nenda ukakae na wenzako." Nikapita katikati ya ukumbi, njia ndefu ile, bado nimeshika maji ya wakufunzi.

Kama yangeishia hapo ningesema ni kicheko tu, kitapita. Lakini tulipotoka Mwanahawa alikuwa ananisubiri nje, macho mekundu.

"Mwalimu," akasema, "samahani, dada… sijui hata nikuiteje."

Kumbe baada ya kengele ya asubuhi alikwenda kwa matroni kukisalimisha kitanda chake cha muhula wa pili, kwa kuwa mimi nilimwambia atakuwa kwao Ubena, na vitanda ni vichache, matroni alikigawa papo hapo kwa mwingine. Na mazoezi ya kufundisha ya stashahada ni mwaka wa pili, tena unapangiwa shule, huchagui. Hapo ndipo nilipopata aibu ya kweli, ile ya ukumbini ilikuwa nyepesi.

Tukaenda kumtafuta mshauri. Jina lake Idrisa, kazi ameianza wiki ile ile. Nikamwomba radhi, nikamuuliza kwa nini hakuniambia kitu pale darasani. Akasema alipoingia akanikuta nimekaa, nimevaa, nafundisha, alidhani wakubwa wamebadilisha makundi bila kumwarifu, na kwao hakulelewa kumkatisha mama wa watu maneno. Alinifuata mlangoni aulize, nikamsubirisha. Akaongozana nasi kwa matroni, akasema kwa upole, nami nikasema kwa kubembeleza, matroni akatuonyesha mabweni yalivyojaa, ikawa hakuna la kufanya.

Mimi mwenyewe nikampigia simu mama yake kule Ubena, nisimwachie mtoto mzigo wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wewe ndiye mwalimu wake?" Nikamwambia hapana, mimi ni mwanafunzi mwenzake, ila niliyemharibia ni mimi, na chumba changu cha Dunda ni kikubwa, akae kwangu muhula wa pili wote. Akasema, "Haya, akae. Lakini umwamshe alfajiri, ana usingizi huyo." Ana usingizi kweli.

Idrisa naye alinikalisha kwenye kiti cha kawaida akanishauri kama wengine, masomo yangu yakapungua kwa sababu nilikuwa nimechagua mengi kupita kiasi, na klabu akasema lazima nichague, tena haraka. Nikachagua ya mazingira. Mwenyekiti wake ni binti wa mwaka wa pili, ananiambia mwagia hapa, ng'oa pale, nami namwagia, nang'oa.

Nimejiapiza kwamba kitu nisichokijua kwa hakika sitamjibu mtu, hata aniite profesa. Si rahisi, kwa kuwa kinywa changu kimezoea kujibu. Juzi tunachambua mchicha chumbani kwangu, Mwanahawa akaniambia wenzake wanataka agombee uongozi wa darasa. Nilikuwa na hotuba nzima mdomoni, nikaimeza, nikamwambia kesho Mkufunzi Idrisa yuko ofisini, akamuulize.

"Nimeshamuuliza," akasema. "Sasa nakuuliza wewe."

Nikaacha mchicha, nikakaa chini kando yake, nikamwambia sijui, anieleze kwanza yeye mwenyewe anataka nini.