Kwenda Makutupora Kujifunza Mpira wa Ndani wa Wamarekani

Sikuondoka Kibakwe kutafuta starehe. Mvua za mwaka ule zilichimba korongo katikati ya uwanja wa shule yetu, wanafunzi wakabaki na ukumbi wa zamani wa mikutano tu. Nao ukumbi ulikuwa na mposaji. Biashara ya nafaka ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, na mnunuzi mmoja wa mahindi alitaka kuukodi aweke magunia yake. Mwalimu mkuu akaniita ofisini.

"Mwalimu Chiku, wewe ndiye wa michezo. Nionyeshe mchezo wa kuchezwa ndani. Nikikosa, namkabidhi mtu wa mahindi funguo."

Akanipa wiki moja. Nikakumbuka barua ya Firozi, niliyesoma naye sekondari Dodoma mjini, ambako baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi. Firozi alikuwa amerudi kutoka masomoni Marekani, na aliandika kwamba anafundisha watu mpira wa Wamarekani, ule wa kuchezwa chini ya paa.

Jumatatu alfajiri nilipanda lori la maharage, tukateremka milima kwa breki zinazolia hadi Mpwapwa. Mchana nikafika stesheni ya Gulwe kungoja treni. Ilichelewa, kama kawaida yake, nikala karanga na kusoma upya barua ya Firozi. Sikuelewa hata sentensi moja kuhusu huo mchezo.

Jumanne asubuhi nilimkuta Firozi dukani kwa baba yake Dodoma, akanichukua kwa pikapu ya dukani tukaenda Makutupora. Kupita mashamba ya zabibu kulikuwa na ghala la ushirika lililobaki tupu. Ndani, sakafu ilitandazwa pumba na kufunikwa turubai. Kuta zilizungushiwa magunia yaliyoshindiliwa majani makavu, na kila mwisho wa ghala ulining'inizwa wavu mrefu.

Mzee mmoja alikuwa amepiga goti akishona gunia lililopasuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mimi Sudi, fundi cherehani wa mjini. Hizi kuta zote nimeshona mimi, na huku ndani nakimbia kuliko hawa vijana. Utaona."

Firozi akanipa mpira. Ulikuwa mrefu, umechongoka ncha mbili, kama papai bichi. Akaanza darasa, nami nikaandika kwenye daftari. Kila upande una watu wanane. Wenye mpira wanapewa majaribio manne ya kusogea hatua kumi. Wakifaulu, wanapewa mengine manne; wakishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ukivuka mstari wa mwisho na mpira mkononi, pointi sita, na nafasi moja ya kuongeza pointi moja.

"Na mpira ukigonga wavu ukarudi?" nikauliza.

"Haujafa. Anayeudaka ni wake. Ndiyo raha ya kucheza ndani."

"Nasikia wanakumbana."

"Huko Marekani, ndiyo. Hapa Mzee Sudi alikataa."

Mzee Sudi akainua kichwa. "Siwezi kumwangusha mke wa mtu halafu nikatawadhe niende kuswali. Kila mmoja anachomeka kipande cha khanga kiunoni. Kikichomolewa, umesimamishwa."

Siku mbili za kwanza sikudaka kitu. Mpira ukija, macho yanajifumba yenyewe. Vibarua wa zabibu waliokuja kucheza baada ya kazi walicheka, nami nilicheka nao, ila usiku nililala nikiwaza magunia ya mahindi ukumbini kwetu. Alhamisi Firozi aliniambia, "Mwalimu, unaniangalia mimi. Mimi siji. Angalia mpira mpaka uingie mikononi." Jioni ile nilidaka mitatu.

Jumamosi palikuwa na mechi, watu wa mjini na vibarua wa zabibu. Vibarua walikuwa na upungufu wa mtu mmoja, wakanichukua. Tulikuwa nyuma kwa pointi tano, dakika ya mwisho, jaribio la nne, hatua nane mbele yetu kufika mstari wa mwisho. Mrushaji wetu alirusha juu mno. Mpira ukagonga wavu, na watu wote wakasimama, wakidhani umetoka. Mimi nilikuwa nimeliandika lile jambo kwenye daftari. Nikauangalia mpira mpaka ukaingia mikononi, nikageuka, nikakimbia. Mstari ulibaki hatua moja nilipohisi kiuno kimekuwa chepesi. Mzee Sudi alikuwa nyuma yangu, anahema, ameshika kipande changu cha khanga.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Wewe peke yako umekumbuka, nami nimekumbuka kwa kukuona."

Tulishindwa. Nilikula ugali na mlenda na vibarua wale kwa furaha ambayo sijaipata katika ushindi wowote.

Jumapili nilipanda treni ya kurudi na mpira mmoja niliopewa na Firozi. Jumatatu, mbele ya mwalimu mkuu, nilipanga wanafunzi kumi na sita ukumbini. Magodoro ya bweni yaliegemezwa ukutani. Msichana mmoja wa kidato cha kwanza, Neema, ambaye hujificha nyuma michezoni, alipewa mpira. Jaribio la kwanza uliponyoka. La pili akachomolewa khanga palepale. La tatu vilevile. La nne akasogea hatua mbili kabla ya kusimamishwa, na wenzake wakampigia makofi hadi vioo vikatetemeka.

"Hatua kumi hajafikisha," mwalimu mkuu akasema. "Wanashangilia nini?"

"Hatua mbili, Mwalimu Mkuu. Mchezo huu haukurudishi ulikoanzia. Unasimama pale ulipoishia, unajaribu tena."

Hilo ndilo nililojifunza katika safari yangu, na sikujua kwamba nimelijifunza mpaka niliposikia mdomo wangu ukilisema.

Mwalimu mkuu alimtazama Neema anavyofuta jasho. Halafu alivua koti, akalikunja vizuri juu ya kiti, akaniuliza kipande cha khanga kinachomekwa upande gani wa kiuno.