Vumbi la Unga na Vioo Viwili

Mjukuu wangu alikuwa anaondoka kesho yake kwenda ng'ambo kusomea mambo ya mwanga, na mimi nilikuwa nimekataa kumbariki. Si roho mbaya. Kwetu, nyanya humbariki mtoto kwa kumtemea mate kifuani, na hapo huitaja ile kazi anayoiendea. Sasa ningetaja nini? Mimi shule niliiachia darasa la pili.

"Shosho, ni kutafuta atomu moja kwa kutumia vioo," aliniambia.

"Vioo ni vya saluni. Nieleze vizuri, ama uende hivyo hivyo."

Kwenda bila baraka hakutaka. Kisha akanishika mkono tukaingia kwenye kibanda cha mashine yangu ya kusaga unga, hapa Rongai. Hapo ndipo nimewasagia watu mahindi tangu nikiwa na meno yote, na kila aliyewahi kuweka debe mlangoni namjua kwa jina lake na la mamake. Bati la juu lina tundu, na jua hupenya hapo likanyooka kama kamba nyeupe.

"Hiyo kamba unaiona kwa sababu vumbi ni jingi. Ikibaki chembe moja?" akaniuliza.

"Sitaona kitu."

"Hata sisi. Na atomu ni ndogo kuliko hiyo chembe, kwa mbali sana. Mwanga ukiipita mara moja, ni kama haikuwa." Akaweka viganja vyake vikitazamana. "Kwa hivyo tunaufungia kati ya vioo viwili. Unagonga huku, unarudi kule, kila mara unapita palepale. Tena tunaupunguzia mwendo, ukawie. Mwishowe mwanga unabadilika kidogo, tunajua, eeh, kuna mtu hapa."

Nikakaa juu ya gunia. Watu huniuliza nashikaje majina yote hayo, na sijawahi kuwa na jibu. Lakini mtu hashikwi kwa kupita mara moja. Unamsalimia akija, unamsalimia akienda, unamwuliza kama ng'ombe wake aliyekuwa mgonjwa alipona, wala huna haraka.

"Na zinaitwaje, hizo atomu?"

"Hazina majina, Shosho. Za aina moja zinafanana kabisa."

"Hata wateja wangu wakishajaa unga, mgeni huona wanafanana."

Alicheka mpaka vumbi likamkohoza. Nikamwambia afungue kifungo cha juu. Nikamtemea mate kifuani, nikaitaja kazi yake: kukaa na kitu kidogo mpaka kijulikane kipo.

Mate yalikuwa na unga. Hakuyapangusa.